Kicheko Changu Kwenye Filamu ya Watoto

Juzi mtaani Nsemulwa niliingia duka la kutoa kopi, nikakuta wanafunzi kwenye kompyuta. Walikuwa wanakatakata filamu yao ya mapigano, wapate tangazo fupi la kuwaita watu. Kwenye kioo msichana alimkimbiza mwizi, akaruka jaruba la mpunga, akatua kifudifudi kwenye tope. Nilicheka mpaka machozi.

"Umeona?" kijana wa kompyuta akamwambia mtu nyuma yangu. "Hata bibi kacheka. Hiyo haitoki, na kwenye bango tunaweka hiyohiyo."

Nikageuka. Alikuwa ni msichana yuleyule wa kwenye kioo, ameshika tama.

"Nimewaomba tangu asubuhi waitoe," akaniambia taratibu. "Shule nzima wataniita Kambare."

"Wajukuu zangu, itoeni," nikasema. "Mie nimecheka ovyo tu."

"Bibi, kicheko hakidanganyi," kijana akanijibu.

Marehemu mama alizoea kusema kucheka ni bure. Mie nilicheka, kumbe nimepiga kura, na kura yangu ndiyo iliyomwangusha mtoto wa watu.

"Usijali, bibi," msichana akasema. "Hata mama yangu angecheka."

Nikatafuta pa kuweka uso wangu, nikakosa.