Mpaka Ng'ambo ya Roboti

Wiki iliyopita rafiki yangu alikuja kunitembelea nyumbani kwangu Sandton, hapa Johannesburg. Tukala, tukacheka, na ilipofika saa ya kuondoka akabonyeza simu yake, gari likaja. Nilimuaga mlangoni nikiwa na soksi tu miguuni, lifti ikamchukua, nikarudi jikoni kuosha vyombo. Hapo ndipo nilipomkumbuka nyanya. Angekuwa hai, angenikalisha chini aniulize yule mgeni amenikosea nini.

Turffontein, mtaa nilikokulia, mgeni alisindikizwa. Nyanya alikuja kutoka Lubumbashi na desturi zake zote, na juu ya wageni alikuwa na sheria moja: umvushe. Kumfikisha mlangoni ni kumfukuza, alisema, na kumfikisha getini ni kuhakikisha kweli anaenda. Kwao waliwavusha wageni mto. Sisi hatukuwa na mto, basi tuliwavusha roboti, yaani zile taa za barabarani pale kwenye kona. Jumapili jioni ungetuona msururu mzima: nyanya na kitenge chake mbele, mgeni, mama, na mimi nyuma nimebeba bakuli la mgeni, ambalo halikurudi tupu hata siku moja. Tulisubiri taa ya kijani kwa adabu, kisha tukifika ng'ambo ndipo maongezi yanaanza upya. Habari zote nzito za ukoo wetu nilizisikia nikiwa nimesimama pale, kwenye moshi wa mahindi ya kuchoma, na siku za mashindano kelele za uwanja wa farasi zikituzidi sauti.

"Anayesindikiza vizuri husahau kurudi," nyanya alipenda kusema. Ushahidi wake ulikuwa babu, ambaye yeye nyanya alimsindikiza kutoka sokoni siku moja akiwa msichana, na kwao nyanya hawakumwona tena ila alipokuja kuchukua nguo.

Mjomba wangu, kitindamimba wa nyanya, alikuwa Hong Kong, akifungasha mizigo ya wafanyabiashara kutoka Afrika. Kila mwaka alisema kwenye simu kwamba mwaka ujao anakuja. Nyanya alianza kupungua mwili, magoti yakawa yanamgomea. Alitaka kitu kimoja tu, kumwona mwanawe kabla ya kufa, na alilisema hilo wakati wa chai kama mtu anayeomba sukari. Mama alikuwa fundi cherehani Jeppestown, na wakati ule alipata safari ya Hong Kong kwenda kutafuta vitambaa na zipu. Akanichukua na mimi, mtoto wa darasa la nne, kwa sababu Kiingereza chake kiliishia kwenye vipimo vya sketi. Nyanya alitupa unga wa mahindi na agizo.

"Usimuombe arudi," alimwambia mama. "Umuombe tu abasindikishe." Maana yake atusindikize, kwa Kiswahili cha kwao.

Nikwambie ukweli, mji ule sikuupenda wala sikuuchukia. Niliushangaa tu. Johannesburg imelala, kule watu wamepangwa kwenda juu, na juu kabisa kwenye madirisha kumeanikwa fulana na soksi za mtu. Bata waliokaangwa walining'inia kwa shingo kwenye vioo vya maduka. Kulikuwa na mtaa mzima wa samaki wakavu, na mama alipita pale akivuta pumzi ndefu kama amefika kwao. Lakini kilichonikaa kichwani zaidi ni roboti zao, maana zinagonga. Ukisubiri zinagonga polepole, ukiruhusiwa kuvuka zinagonga mbio.

Chumba cha mjomba ungenyoosha mikono ukagusa kuta zote mbili. Mama alipika bukari, ndivyo watu wa Lubumbashi tunavyouita ugali, juu ya jiko dogo la umeme, yeye amekaa kitandani, mjomba ameshikilia sufuria isicheze. Mjomba aliuliza habari za magoti ya nyanya, akauliza tena. Mama hakutamka neno kurudi, siku hiyo wala zilizofuata.

Siku ya kuondoka mjomba alibeba begi kubwa. Tulipofika chini, mama akasema, "Tusindikishe kidogo." Akatuvusha roboti. Ng'ambo mama akasema, "Kidogo tena." Tukapanda kivuko tukavuka bandari, maji ya kijani yananuka mafuta, meli zimejazana, na mjomba anasimulia utundu wake wa utotoni huku mama anacheka mpaka anajifuta macho. Mjomba alikuwa amebeba koti zito mkononi, na siku ilikuwa ya joto. Niliona mama analitazama lile koti, na nilijua anawaza nini, kwa kuwa nami niliwaza hivyohivyo. Mtu habebi koti kama haendi mahali.

Tukaingia basi la uwanja wa ndege, naye akaingia. Tulifika mpaka kwenye mlango ambao hupiti bila tiketi na pasipoti. Hapo akatua begi, akanivisha mimi lile koti.

"Mu ndeke kuko baridi," akasema, yaani ndani ya ndege. Kisha akamgeukia mama, dada yake mkubwa. "Yaya, hapa njo mwisho wangu."

Ndipo alipomweleza. Alikuwa ameomba hifadhi, jibu halijaja. Karatasi alizokuwa nazo zilimruhusu kukaa, hazikumruhusu kutoka na kurudi, na pasipoti hakuwa nayo. Hayo hakuweza kumwambia mama yake, kwa hiyo kila mwaka alimwambia mwaka ujao. Mama alimnyoosha kola kama anavyomfanyia mteja, tukapita. Nilipogeuka, alikuwa bado amesimama palepale.

Nyumbani tulimkuta nyanya amekaa kiti cha karibu na mlango. Kitanda cha wageni kilikuwa kimetandikwa, kuku amepikwa. Alitazama nyuma yetu, akatazama tena.

"Alibasindikisha mpaka wapi?"

"Mpaka kwa mwisho," mama akasema. "Pale hawezi kupita."

Nyanya aliondoa macho mlangoni. "Basi alikuwa anakuya," akasema, akaniagiza nipakue kuku. Nilikasirika. Niliona amekubali haraka mno.

Sasa ile nyumba wanakaa wengine. Roboti ya kwenye kona imekufa zamani, magari yanavuka kwa kuoneana haya, na sijaona mtu amesimama pale kumuaga mwenziwe. Nasi tumekuwa watu wa soksi na lifti.

Nyanya aliishi miaka mingi baada ya safari ile, akafariki katika nyumba ile ile majira ya baridi yaliyopita. Tulimwomba dereva wa gari la maiti aende taratibu, tukalifuata kwa miguu mpaka ng'ambo ya ile roboti, kisha tukapanda magari kwenda makaburini. Jioni mjomba akapiga simu kutoka kule kule, jibu lake la hifadhi bado halijaja. Hakuuliza kama watu walikuwa wengi wala jeneza lilikuwaje.

"Mulimusindikisha mpaka wapi?"

Viatu vyangu vilikuwa bado na udongo.

"Mpaka kwa mwisho," nikamwambia. "Pale hatuwezi kupita."

Nyuma yake nilisikia roboti ya kule ikigonga mbio, watu wakivuka.