Kiswahili Changu na Nyumba ya Mtemi

Wajukuu wangu wakichezea ukuta wa chumba changu huwa nawafukuza. Wanadhani naogopa wataubomoa, na mimi nawaacha wadhani hivyo. Matofali yale ni makubwa kuliko yoyote kijijini kwetu, ya kuchoma, mekundu mpaka ndani. Hayakuwa yangu.

Yalitoka kwenye nyumba ya mtemi. Watu wa huku waliiita ikulu, kwa sababu makao ya mtemi kwetu yaliitwa ikulu tangu zamani, kabla Dar es Salaam haijapata ya kwake. Ilijengwa kabla sijazaliwa, na mafundi waliojifunzia kazi misheni. Ilikuwa na baraza yenye matao matano, milango ya mninga ambayo mtu mmoja hakuweza kuiinua, na chumba kimoja kisicho na dirisha, cha kuwekea ngoma za kitemi. Watemi walipoondolewa baada ya uhuru, familia ikahamia mjini na ngoma zikaondoka nayo. Akabaki mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa ngoma zile. Alilala mlangoni pa chumba kitupu. Kila kiangazi alisiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, akaziba nyufa kwa udongo wa kichuguu, akapanda juu mwenyewe kugongomea mabati. Ukimuuliza anamtunzia nani, alijibu kwamba nyumba haiulizi hivyo, inauliza nani atapanda juu.

Mimi nililetwa pale na ndoa. Nilikulia Maganzo, mama yangu akiuza uji kwa wachimba almasi, watu wa kila kabila, kwa hiyo Kiswahili nilikijua kabla sijajua kushika jembe vizuri. Shuleni nilikaa miaka miwili tu. Lakini kwa mume wangu, kwenye Wasumbwa watupu, mwanamke anayesema Kiswahili bila kujikwaa alikuwa kitu. Akija bwana shamba, naitwa. Akija karani wa tumbaku, naitwa. Nilijivuna sana, nisiseme uongo.

Ndiyo maana niliitwa siku alipokuja kijana mmoja wa serikali, mtu wa Pwani, na Landrova. Alipima ikulu kwa kamba tangu asubuhi, akapiga picha matao, akaandika. Kisha akataka kusema na mzee, na mzee hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji.

"Mwambie mzee," kijana akasema, "nyumba hii sasa imo kwenye orodha ya Mambo ya Kale. Inalindwa kwa sheria. Mtu asiondoe hata tofali moja. Na yeye asiondoke, aendelee kuitunza."

Nikamgeuzia mzee kwa Kisumbwa, neno kwa neno.

"Muulize," mzee akasema, "hiyo sheria inajua kupanda juu ya bati?"

Kijana alicheka. "Mwambie haina miguu. Ndiyo maana tunamwachia yeye."

Mzee hakucheka. Alinitazama mimi, akaniita mayu, yaani mama. "Basi wewe ndiye uliyesikia, mayu. Mimi nimeona midomo tu."

Kijana akachukua rangi nyekundu, akaandika kwenye nguzo ya baraza herufi mbili, M.K., na namba chini yake. Akasema barua itafuata wilayani. Kama ilifuata, sisi hatukuiona.

Haukupita mwaka, tukaambiwa tuhamie kijiji kipya kando ya barabara. Kila nyumba ya zamani iliyotakiwa kuachwa ilitiwa alama ya chokaa, kisha ikaezuliwa ili mwenyewe asirudi. Yetu iliezuliwa siku ya soko. Kiwanja tulichopewa kilikuwa kitupu, mume wangu akakita miti na kufunga nyasi, na mvua za kwanza zikatukuta humo. Kitinda mimba wangu akashikwa na kichomi. Alikuwa akipumua kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Mtoto huyu hatamaliza mvua ndani ya nyasi." Akaongeza, "Na ikulu ina matofali ya kutosha nyumba kumi."

Nililala nayo hiyo.

Siku mwenyekiti wa kijiji alipokwenda ikulu na mgambo kumtoa mzee, watu walimfuata na majembe na vikapu tayari, nami nikiwamo, mtoto mgongoni. Waliona maandishi mekundu kwenye nguzo wakayachukulia kuwa ni alama kama zile za chokaa. Kulikuwa na kijana mmoja aliyemaliza darasa la saba, akawasomea: "M.K. Muda Kwisha." Watu wakacheka, na jina likashika.

"Ikulu ni moja tu nchini," mwenyekiti akasema, "na haipo hapa. Mzee, toa mkeka wako."

Mzee alisimama mlangoni. Akasema kwa Kisumbwa, polepole, kwamba nyumba ile ina sheria, kwamba mtu wa serikali alikuja akasema tofali lisiondoke, na yeye asiondoke.

"Alikwambia kwa lugha gani?"

"Kwa yake. Huyu alikuwapo." Akanyoosha mkono kwangu. "Muulize huyu."

Watu wakageuka. Mwenyekiti akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mayu, wewe ulikuwapo. Yule mtu alisema nini?"

Joto la mtoto lilikuwa linapenya kanga mpaka mgongoni kwangu. Sisemi hivi ili mnihurumie. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikajibu, "Alisema Kiswahili cha Pwani. Kinakimbia. Sikukielewa."

Nyuma mwanamke mmoja akaguna. "Leo Mswahili wetu wa Maganzo amekwama." Wengine wakacheka tena, kicheko cha watu wanaojua na wanaotaka kusahau haraka. Mwenyekiti naye hakuwa mjinga. Alitazama kikapu changu, akanitazama mimi.

"Basi kama hakuna aliyeelewa," akasema, "hakuna kilichosemwa."

Nilidhani mzee atanipigia kelele, nami nilikuwa nimeshajiandaa kumjibu, mdomo wangu ulikuwa mkali siku hizo. Yeye aliingia ndani, akatoka na mkeka na kibuyu chake, akapita katikati yetu. Siku tatu zilitosha. Milango walichukua wakubwa, mabati yakaenda ofisi ya kijiji, matofali tukagawana kwa vikapu. Nilibeba kama wengine. Nadhani nilibeba kuliko wengine.

Mume wangu alijenga chumba kimoja, tukahamia, na mtoto akapona. Leo ni mtu mzima, ana ndevu. Hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kujuta sawasawa, kwa maana siwezi kusema natamani ningesema kweli, halafu nikamtazama usoni. Nilikwenda kwa padri, nikaungama kwamba nimebeba matofali ya nyumba ya watu. Akanipa kitubio cha rozari, nikazisali zote. Lakini nilikuwa nimeungama matofali. Kiswahili sikukiungama.

Mzee alikaa kwenye kibanda cha nyasi nyuma ya mji wa mpwa wake. Mvua za mwaka uliofuata kifua kikamshika. Asubuhi moja nikamkuta amesimama nje kwangu, mbali kidogo na ukuta.

"Mayu, kuna mganga mgeni zahanati. Hasikii lugha yetu. Nenda ukanisemee."

Hakuwa na mwingine. Tukaenda.

Mganga, kijana mpole, akasema, "Shikamoo mzee. Muulize anaumwa wapi." Nikauliza. Mzee akaeleza kikohozi, nikageuza. Akaeleza homa za jioni, nikageuza. Akasema analala chini na nyasi zinavuja, nikageuza na hilo. Mganga akauliza kama kuna kingine.

Mzee alinitazama kama siku ile ya rangi nyekundu. Akasema taratibu, ili nisipoteze hata neno, "Mwambie kinachoniua si nyasi. Mwambie mwanamke huyu alisikia kila kitu."

Mganga alikuwa anasubiri na kalamu.

Nikasema, "Anasema kifua kinambana akipumua."

Akaandika. Akatoa vidonge kwenye karatasi na chupa ya dawa ya maji, akaeleza vijiko, nikageuza vijiko vyote bila kukosea.

Nje, mzee akasimama kuvuta pumzi. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Naye amesema nini?"

"Amesema pole."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata haki kidogo mahali asipotegemea. Kisha akanipa chupa nimbebee, akaniambia asante.