Kiti cha Kushoto

Gari la kaka yangu lilikuwa na viti viwili tu, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nisipoeleza hilo mapema, hutaelewa kwa nini mpaka leo nikishika usukani naongea peke yangu.

Juba tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Lakini magari mengi yalitufikia kutoka Japani kwa njia ya Mombasa na Kampala, na usukani wake nao uko kulia. Kwa hiyo dereva amekaa kule mtaroni, na anayeona katikati ya barabara ni abiria. Ukitaka kuovateki lori, dereva anaona turubai la lori basi. Mtu wa kushoto ndiye anayechungulia na kusema: ngoja, ngoja, kuna raksha inakuja, ile bajaji, ngoja bado… ingia! Karibu kila gari Juba lina mtu wake wa namna hiyo, awe mke, awe taniboi, awe mgeni aliyeomba lifti. Ukipewa lifti Juba, ukae kushoto halafu uchezee simu, utashushwa njiani na hakuna atakayekuhurumia.

Sisi tulikulia Eldoret, tukarudi wakati kila mtu alikuwa anarudi, miezi ile kabla ya uhuru. Nasema tulirudi, ingawa mimi Juba nilikuwa sijawahi kuiona. Mama ndiye aliyekuwa anarudi. Sisi tulikuwa tunaenda. Tulipata nyumba ya kupanga Buluk, mimi nikaweka cherehani barazani, kaka yangu akafungua gereji Sherikat, ng'ambo ya daraja, kule malori ya Waganda yanakoshusha ndizi na unga. Kutwa nzima alikuwa chini ya malori. Na malori hakuyapenda hata kidogo.

Alichokipenda ni gari moja aliloliona akiwa mvulana, likipita Eldoret kuelekea Nakuru: dogo, fupi, limelala chini, na injini yake iko katikati, nyuma ya viti viwili. Likapita mara moja tu, lakini yeye hakupona. Basi siku moja lori la ndizi likasimama mbele ya gereji, turubai likafunuliwa, na juu ya mikungu ya ndizi kuna gari lile, jekundu, limefungwa kamba kama mbuzi. Alilipata Kampala. Barabara ya Nimule wakati huo ilikuwa mashimo matupu, lisingefika kwa miguu yake.

"Mimi iko naleta lori za kila aina," dereva Mganda alisema huku analishusha kwa mbao, "lakini hii yako si gari. Hii iko sabuni."

Mimi nilikasirika. Nilimwambia kaka yangu, mbele za watu, kwamba ana wazimu. Mama macho yanamwisha, mtoto wa jicho huku na huku, nyumba ni ya kupanga, na yeye ananunua kitu kisichobeba hata gunia moja la mkaa! Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akafungua mlango wa kushoto, akasema, "Dada, panda. Bila wewe sioni."

Nikapanda. Aki, nifanye nini?

Kwingine duniani, nasikia, watu wakipata gari la namna hiyo hulishusha liguse lami. Sisi tulilipandisha. Mawe ya Juba hayana adabu. Alitoa springi zake, akaweka ndefu alizochongesha kutoka kwa pikapu iliyokufa, na zile za asili akazipaka grisi, akazifunga kwenye gunia. "Hizi zinangoja lami," alisema. Radieta iko mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo paipu za maji zinapita chini ya tumbo urefu wote wa gari, na jiwe moja lingetosha kuzipasua. Akachomelea bamba alilokata kwenye pipa la mafuta. Na pua ya kuvutia hewa ilikuwa ubavuni, karibu na gurudumu la nyuma, mahali ambapo vumbi lote la Juba hukutana. Hapo nikaingia mimi.

Kipindi hicho nilikuwa nashona bendera. Buluk nzima ilikuwa inashona bendera. Kitambaa cheupe, kile cha ile mistari miembamba, kilikuwa kinanibakia kila siku, nikakikunja tabaka tatu nikashona soksi ya kuvisha pua ya gari. Ilifanya kazi. Kila Jumamosi niliivua nikaifua, na maji yalitoka mekundu. Mafundi wa Sherikat walimcheka kaka yangu kwamba amefunga uhuru puani kabla haujafika. Yeye naye alicheka, akawaambia huo ndio uhuru unaovutika.

Lilikuwa na tabia zake. Ukilijaza maji bila kulitoa hewa, linachemka hata kama limejaa pomoni. Lazima pua ipandishwe, ufungue skrubu ndogo mbele, usubiri. Kaka yangu alilipandisha kwenye tuta la mchanga kando ya gereji, akachuchumaa pale na sikio lake karibu, hewa ikitoka kidogo kidogo. Mtu aliyezoea kurusha spana, hapo alikuwa mpole. "Liache lipumue," alikuwa anasema. Na ndani joto! Injini iko mgongoni, inakupigia kelele masikioni, shati limeganda. Mama aligusa bodi kwa mikono kutoka mbele mpaka nyuma, akauliza injini iko wapi, na alipoambiwa akasema, "Basi ni la kike. Limembeba mwanawe mgongoni."

Kaka yangu alilichukua neno hilo akalifanya la kazi. Kila kizuizi askari walikuwa wanafungua mbele, wanakuta shimo la kuwekea begi. "Makana wen?" Injini iko wapi? Naye anajibu kwa Kiarabu chake cha Juba kilichovunjika, cha mtoto wa Eldoret, kwamba makana ni mtoto, mama yake amembeba mgongoni. Askari wanacheka, wanazunguka nyuma kutazama, wanaitana. Tukaruhusiwa kila mahali kwa neno la mama yetu.

Siku ya uhuru tulizunguka mji mzima, watu wanapiga bodi kwa viganja, na mimi napiga kelele: ngoja, kuna ngoma, ngoja, kuna mzee anacheza, ngoja… ingia! Nilikuwa na furaha mpaka nikalia. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha hivyo tena. Sijui ni uhuru au ni kiti.

Halafu kazi ya kuweka lami barabara ya Nimule ikaisha. Jumapili moja baada ya kanisa tuliiendea, sisi wawili, na kwa mara ya kwanza nikajua gari lile lilitengenezewa nini. Lilikuwa halikimbii, lilikuwa linamiminika. Karibu na mpaka kaka yangu akasimama kando, akapangusa uso. Tukala mahindi ya kuchoma tukitazama malori yanavyovuka kwenda Uganda, na pale mpakani yanahama, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Ukivuka pale," alisema, "dereva anaona mwenyewe. Hahitaji mtu."

"Basi utaniacha hapa Nimule," nikamwambia.

"Nikuache uende wapi na mdomo huo?" Akanisukuma bega. "Mwezi ujao tunarudisha springi zake."

Mwezi ujao ulikuwa na malori mengi, na uliofuata pia. Mwisho wa mwaka ukaja na risasi. Zilianza mbali, tukadhani ni za sherehe, halafu tukazisikia upande wa Bilpam, kwenye makao ya jeshi, na tukajua si sherehe. Siku kadhaa tulilala sakafuni nyuma ya cherehani. Nchi bado changa, bendera nilizozishona hazijapauka, na majirani wanaogopana. Kwenye njia wanaume walikuwa wanasimamishwa na kuulizwa lugha ya mama zao, na jibu ndilo lililoamua.

Asubuhi moja bunduki zilinyamaza. Kaka yangu akawasha gari uani, akaliacha likinguruma, akaingia ndani, akamwinua Mama.

"Viti viwili," alisema. "Wewe na Mama."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema. Nilimwambia nitajikunja kwenye shimo la mbele, nitakaa juu ya mapaja ya Mama, tutaenda hivyo hivyo. Alinishika mikono yote miwili.

"Dada, sikiliza. Wanawake wanapita. Mimi nikiwa ndani nitashushwa, na nikishushwa hamtaondoka, nawajua. Mimi naenda kwa miguu kambi ya walinda amani, wale wa kofia za bluu, njia zikitulia napanda lori la Waganda. Nitawakuta Nimule. Msivuke bila mimi."

Alimkalisha Mama kushoto, akamfunga mkanda, akambusu kichwani. Mimi nikashika usukani, maana alikuwa amenifundisha kuendesha. Akaweka gunia la springi kwenye shimo la mbele pamoja na nguo zetu, nikapiga kelele kwamba huu si wakati wa vyuma, naye akasema Uganda lami ni nzuri. Akatembea kando yetu mpaka mwisho wa mtaa, kiganja juu ya paa. Halafu kiganja kikaondoka.

Darajani walifungua mbele. "Makana wen?" Askari alikuwa kijana, macho mekundu, hakuwa anacheka. Alitoa nguo, akatoa springi, akazitazama. Kiarabu chote kilinipotea. Nikasikia sauti ya Mama, na kwa Kiarabu chake kizuri, cha mtu aliyezaliwa pale, akasema makana ni mtoto, mwanangu, mama yake amembeba mgongoni. Kijana akaziweka springi chini. Akazunguka nyuma, akatazama, akarudi, akarudisha springi moja moja, taratibu. Akatupungia tupite.

Baada ya Sherikat tulikuta tangi la mafuta linakwenda pole, na nyuma yake magari ya watu wanaokimbia. Nikasogea kushoto nione. Sikuona. Nikageuka bila kufikiri, nikasema, "Vipi, iko wazi?"

Mama alikuwa amekaza macho yake mbele, yale macho meupe. "Sioni, mwanangu," akasema. "Nisamehe. Sioni."

Yeye ananiomba msamaha! Kutoka hapo mpaka Nimule sikuovateki hata gari moja. Nilikula moshi wa lile tangi njia nzima, lami ile ile tuliyomiminika juu yake Jumapili yetu, na nilikuwa naichukia. Joto likapanda, nikasimama kwenye mwinuko, nikafungua skrubu, nikachuchumaa na sikio karibu. Hewa ikatoka kidogo kidogo. Nililia pale kwa sauti, na Mama alinisikia.

Nimule tulipaki kando, upande wa kulia, palepale tulipokula mahindi. Kila lori la Waganda lililosimama nililiparamia nikatazama ndani. Tulilala tumeketi. Waliotoka Juba walikuwa na habari za kila namna: fundi mmoja alimwona karibu na uzio wa kambi, mwingine akasema aliyemwona pale ni mtu mwingine, wa tatu akaniangalia na kunyamaza, na huyo ndiye niliyetaka kumpiga. Askari wa mpaka walitufokea kila siku tuondoe gari. Mama akaanza homa. Mwishowe akanishika goti.

"Tuvuke," alisema. "Gari lenyewe ni hili hili moja duniani. Atauliza, ataambiwa."

Nikawasha. Pale mpakani nikahama, kutoka kulia kwenda kushoto. Na mara moja nikaona. Usukani ulikuwa katikati ya barabara, na mbele yangu hapakuwa na lori, hapakuwa na tangi, lami nyeupe kwa jua mpaka mwisho wa macho. Kwa mara ya kwanza tangu Buluk njia ilikuwa wazi kabisa, na sikutaka kwenda.

Tuko Gulu. Mama alifanyiwa jicho moja na anaona kidogo, anashona vifungo nami. Vita vilitulia, vikarudi, watu wakaja wimbi jingine, nikauliza tena, tena hakuna aliyemwona. Sijui niwaze nini, kwa hiyo sijamaliza kuwaza. Gari ninalo. Soksi nafua kila Jumamosi, ingawa vumbi la huku ni kidogo. Mafundi wa Gulu wananicheka: lami yote hii, dada, na gari limesimama kama mbuni? Tulishushe! Springi unazo, hizo kwenye gunia! Nawaambia zina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani. Nina mdomo bado, hawanisumbui mara mbili.

Wateja nikiwapa lifti wanakaa kushoto na kuchezea simu. Siwashushi, huku hawana kosa. Mimi naona njia yote mwenyewe. Lakini nikikuta lori mbele huwa napunguza, hata kama ni wazi, nasubiri. Wanageuka kunitazama. Halafu nasema mwenyewe, kwa sauti, "Ingia," ndipo naingia.