Nyumba za mezani zilizofungwa milango

Sijawahi kumwambia mtu asiyecheza: chumbani kwangu nna meza ya mchezo wa vita.

Askari wa majini wa Kisovieti, wadogo kama kidole gumba, nawapaka rangi mwenyewe. (Msinicheke.)

Leo Bibi kaingia kuchukua nguo chafu.

"Wee Salim, vidude hivi vitakutoa chumbani!"

Kisha akaviona vifaru vitatu nyuma ya askari, mizinga imeelekea vijumba vya ufukweni, pale pale mezani.

"Wenye nyumba wako wapi?"

"Hamna mtu, Bibi. Mlango ukifungwa, mchezoni tunahesabu nyumba tupu. Kifaru kinaruhusiwa kupiga."

Bibi akaweka kidole kwenye mlango wa kijumba kimoja.

"Unguja, wakati wa mapinduzi, na sisi tulifunga mlango. Tulikuwa tisa ndani."

Akatoka. Nguo kaziacha.

Nimeviondoa vifaru vyote. Nimemwandikia Hamed, mpinzani wangu wa kesho, kwamba askari wangu watashuka ufukweni bila vifaru, na najua nitashindwa.