Nyuki wa Misa ya Pasaka

Mwaka ule mvua ilitangulia Pasaka kwa siku chache tu, na Isiolo ikawa kama mtu aliyetoka kuoga. Vumbi lililala. Kando ya mto, migunga iliyokuwa miiba mitupu tangu Krismasi ilichanua vishada vyeupe vyenye harufu ya asali. Kule Burat maua mekundu ya duara yalichomoza kwenye udongo mtupu, hata kabla ya majani yake. Kwaresima nzima altare yetu haikuwa na jani hata moja, kwa hiyo Jumamosi Kuu akina mama wa kanisa walitoka na mapanga na vikapu, wakarudi jioni wakicheka, maua yamewafunika mpaka mabegani.

Mama ndiye aliyekuwa kiongozi wao, lakini safari hiyo hakwenda. Alikuwa amevunjika mguu akishuka kwenye lori la mifugo, na plasta ilimshika kutoka unyayo hadi pajani. Alipamba kanisa akiwa ameketi, akinielekeza kwa fimbo mahali pa kuweka kila tawi. Hakuniambia neno ila “hapa” na “pale.”

Tulikuwa tumekosana. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na kupangiwa shule ya Sericho, na lori la kwenda huko lilikuwa linaondoka Jumanne. Baba alikuwa marehemu. Kaka yangu alifanya kazi Nairobi na hakuonekana ila Krismasi. Mama alinisihi niombe kubaki mpaka mguu upone. Nilimwambia nafasi nikiiacha itachukuliwa na mwingine. Akaniuliza ni nani atamtekea maji, ni nani atamshika mkono kwenda chooni. Nilisema tu kwamba nitakwenda, na tangu hapo nyumba yetu ikawa kimya.

Asubuhi ya Pasaka jirani yetu, mama wa Kiborana aliyekula kwetu sikukuu zetu nasi tukala kwake Idi, alituazima mkokoteni wake wa punda. Tulimfikisha Mama kanisani, tukamketisha benchi la mbele, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Karibu na bega lake lilisimama tawi kubwa kuliko yote, la mgunga, ndani ya debe la maji. Alilitaka hapo mwenyewe. Kanisa lilijaa mpaka nje. Ngoma zilipigwa, akina mama wakapiga vigelegele, na kwa muda nilisahau Sericho.

Nyuki walikuja wakati wa somo la pili. Mwanzoni nilidhani ni lori linapita barabarani. Kisha mwanga wa dirishani ukafifia, na kundi zima likaingia, likazunguka chini ya mabati, likashuka kwenye lile tawi. Lilining'inia hapo kama mfuko mweusi unaopumua. Waliokosa nafasi walitua kwenye leso ya Mama, begani na kifuani.

Hakuna aliyepiga kelele, maana sote tulikumbuka. Wiki chache kabla, nyuki walikuwa wameua punda wa muuza maji mchana kweupe, palepale alipofungwa. Padri alimpa ishara mwenye chetezo atoke nacho, moshi usije ukawachokoza. Halafu kwa sauti ya chini akaomba watu watoke polepole, watoto kwanza, bila kukimbia. Wanaume wawili wa kwaya walikuja kuinua benchi la Mama. Liliposogea kidogo tu, kundi lote lilinguruma, na mmoja wao akaumwa shingoni.

“Niacheni,” Mama alisema bila kufungua meno. “Tokeni.”

Walirudi nyuma hatua kwa hatua. Padri alisimama mlangoni, hakwenda zaidi. Mimi nilibaki nimeketi upande wa pili wa Mama, tumegusana viwiko.

“Na wewe toka,” aliniambia.

Nilisema sitoki.

Nyuki mmoja alikuwa akitembea juu ya kope ya Mama, naye hakupepesa. Kisha akasema, kwa Kiturkana, taratibu kama mtu anayesali: “Kama unaweza kuniacha Jumanne, unaweza kuniacha na leo.”

Maneno yale yaliniuma kuliko kitu chochote kilichokuwa mle ndani. Nilitaka kumjibu kwamba si haki, kwamba yeye ndiye aliyeuza mbuzi wake wote nisome. Lakini ningeanza kusema ningelia, na ningelia ningetikisika. Nikakaa. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nyuki walihamia mkononi kwangu, wepesi, miguu yao ikinitekenya, nikatazama vidole vyangu kana kwamba ni vya mtu mwingine. Mmoja alijibana chini ya saa yangu, akaniuma. Nilihisi moto ukipanda mpaka kwapani. Sikusogea, ila nadhani pumzi ilinikatika, kwa sababu Mama aligeuza macho, macho tu, akanitazama.

“Amekuuma?”

“Ndiyo.”

“Usiukaze mkono.”

Tulikaa hivyo muda mrefu. Nje watu walianza rozari, sauti zikitufikia kama za watu walio ng'ambo ya mto. Nilisikia pumzi ya Mama ikitetemeka, na hapo ndipo nilipotambua kwamba alikuwa akiogopa, na kwamba pengine aliogopa vilevile kila usiku tangu nilipomwambia nitakwenda. Sikuwahi kufikiri kwamba ule ukali wake ulikuwa ni hofu.

Nilimwambia, “Mama, sikutaka kukuacha peke yako. Sikujua la kufanya.”

Nyuki walikuwa wameufunika mkono wake wote wa kushoto. Nilianza kuamini hatatoka hai, nami pamoja naye.

“Mwambie mama yako mdogo aje,” alisema hatimaye. “Yule wa Burat. Shamba lake limeshapandwa, hana kazi. Aje akae nami.”

Kwa muda sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikauma mdomo nisitikisike.

Waliondoka kama walivyokuja. Mngurumo ulipanda, lile bumba likalegea, likawa wingu, na wingu likatoka dirishani kuelekea mtoni. Mama alibaki na wachache kwenye leso. Padri mwenyewe aliwapangusa kwa karatasi ya nyimbo. Mama hakuumwa hata mara moja. Watu waliporudi ndani aliwakemea kwa kukanyaga maua, na misa ikaendelea pale ilipokatika.

Mama mdogo alifika Jumatatu jioni na sufuria zake mwenyewe, maana hakuamini za mtu mwingine. Jumanne nilipanda lori mkono wangu ukiwa bado umevimba. Mama alinipa maji, nyama kavu, na maonyo mengi juu ya wachuuzi wa njiani. Nilipotazama nyuma alikuwa mlangoni, ameegemea bega la dada yake.

Niliporudi likizo ya Agosti nilimkuta anatembea kwa mkongojo, yeye na mama mdogo wakigombana juu ya chumvi kwenye mboga. Mama alinitazama juu hadi chini, akasema nimekonda, akataka kujua watu wa Sericho wanakula nini.