Kiti cha Kuangalia Nyuma

Mama yangu hapendi kubembelezwa. Ukimwambia pole, anakuuliza pole ya nini. Daktari wa macho alipomweleza kwamba jicho la kulia limeshakwenda na la kushoto linafuata, kwamba ni presha ya macho na kilichopotea hakirudi, alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kanga yake vizuri, kisha akauliza swali moja: haya matone yanakaa kwenye friji au kabatini? Aliyelia ni mimi, tena kwenye foleni ya dirisha la dawa, watu wananitazama.

Jicho lililobaki linaona katikati tu. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango: kilicho mbele yake anakiona, cha pembeni hakipo. Kuku akipita uani inabidi ageuze shingo kumtafuta, na akishaigeuza kuku keshafika kwa jirani. Daktari alisema matone yatachelewesha mambo kidogo. Kidogo ni kiasi gani hakusema, na mama hakumuuliza.

Sisi watoto tukapigiana simu. Tulikubaliana apelekwe akaone kitu kizuri angali anaona. Kaka yangu aliyeko Dar akataka aje aone bahari. Mdogo wangu, aliyeolewa Meatu, akasema hifadhini, akaone simba. Mama alipopewa hayo mawili akacheka mpaka akakohoa.

"Simba? Simba nimewaona wakila ng'ombe wa baba yangu. Na hiyo bahari nikishaiona niifanyie nini?"

Akasema anataka kuliona jiwe la kwao.

Kwao ni mbele ya Lalago, kwenye nchi ya mawe, mahali ambapo ndugu zake walishahama siku nyingi kufuata malisho. Nyumba hazipo tena. Jiwe ndilo lililobaki. Alipokuwa msichana walianika michembe juu yake, viazi vilivyokatwa vipande, na kazi yake ilikuwa kukaa pale kutwa nzima kufukuza mbuzi. Chini yake, mahali panapofikika bila kupanda, pana shimo ambamo mama yake na bibi yake walisagia mtama. Lakini hakutaka kuliona tu hivi hivi, mama hana dogo. Alitaka kuliona linavyotokea. Ukitoka lamboni na maji kichwani, alisema, huoni kitu ila miti ya miiba. Unafika kwenye kona, unapinda, halafu hilo hapo, lote kwa mara moja, limesimama mbele yako. Hapo ndipo alipokuwa akijua kwamba amefika nyumbani.

Huko hakuna basi, na mgongo wa mama hauwezi bodaboda. Ndipo nikamkumbuka kijana mmoja wa pale Bariadi mwenye Landkruza pikapu, anayetembeza wageni. Nilikuwa nikiona matangazo yake kwenye simu: njoo uone jangwa la mawe, tunaenda polepole, wazee na wajawazito karibuni. Nilikuwa nikimcheka. Jangwa gani, mahali watu wanalima dengu na mtama? Ila lazima niseme ukweli, ukipita huko Septemba, pamba imeshavunwa na mabua yamechomwa, ardhi nyeusi imepasuka na vumbi limekaa hata juu ya mbuzi, huwezi kumwita mwongo moja kwa moja.

Tulipanga kila kitu. Mama angekaa mbele, kwa sababu mbele kuna kioo kipana na jicho lake linaona mbele tu. Kijana akatafuta sponji la godoro, akalivalisha kitambaa, akalifunga kwenye kile kiti ili mgongo usiumie. Nyuma, kwenye bodi, kulikuwa na mabenchi mawili ya pembeni na paa la turubai, na mwisho kabisa kiti kimoja chenye mikono alichokiunganisha mwenyewe kikiangalia nyuma. Hicho ni cha wapiga picha, alinieleza. Nikakipita bila hata kukitazama mara ya pili.

Asubuhi ya safari mama alikuwa amevaa gauni la kanisani. Kijana akashuka, akainama kidogo.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa kilugha chetu, kama kusema habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka."

Watu wengine wangeishia hapo na kupanda gari. Mama yangu hapandi gari la mtu asiyemjua. Akashika mlango, mguu mmoja umeshafika kwenye ngazi, akaanza.

"Wa wapi wewe?"

"Meatu, mayu."

"Meatu ni kubwa. Wa kwa nani?"

Kijana akamtaja baba yake. Mama akataka na babu. Akamtaja na babu. Mama akauliza kama ni yule aliyekuwa na ng'ombe wekundu watupu, karibu na mnada, ambaye mke wake mdogo alitoka Maswa. Kijana, kwa furaha ya kujulikana, akasema ndiye huyo huyo. Nikaona mguu wa mama unashuka kwenye ngazi.

"Basi baba yako na baba wa mkwe wangu wamenyonya ziwa moja," alisema, uso ameshaugeuza pembeni. "Wewe umemuoa mwanangu."

Hakuwa amemuoa mtu. Mdogo wangu alikuwa ameolewa na mtoto wa baba mkubwa wa kijana huyu, na siku ya harusi huyu alikuwa chuoni Arusha. Lakini kwetu mtoto wa baba mkubwa ni kaka yako, na mke wa kaka yako ni mke wenu, na mama yake ni mama mkwe wako. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai pamoja, hawagusani, hawatazamani usoni. Nikiwa mdogo nilimwona mama huyu huyu akiacha njia na kuingia kwenye shamba la pamba na ndoo yake kichwani, eti mume wa dada yangu anapita.

Nilifikiri kijana atacheka. Amesoma, anatembeza Wazungu, simu mbili mfukoni. Badala yake akarudi nyuma hatua moja, akakodolea macho viatu vyake. Kisha akaingia garini na kukipindua kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kikaangalia juu.

"Mama," nilisema, "huyu ni dereva tu."

"Ni mkwe."

"Umemjua sasa hivi! Ungenyamaza ungekuwa umeshakaa."

"Nipande gari la mtu bila kumsalimia? Mimi ni mzigo?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Tungeweza kuahirisha tukatafuta dereva mwingine, ila nani tena angekubali njia ile, na lile jicho nani angelisimamisha lisubiri? Mama mwenyewe alimaliza ubishi. Akazunguka nyuma akipapasa bodi ya gari kwa mkono, nikampandisha, akakaa kwenye kiti cha wapiga picha, mgongo kwa mkwe wake, uso kwa vumbi. Mimi nikaenda kukalia sponji mbele. Sijawahi kukaa mahali palaini kwa hasira kiasi kile.

Kijana aliendesha vizuri, hilo nampa. Kwenye makorongo alishuka kama anayebeba mayai. Tulipoiacha barabara ya Lalago na kuanza kupita katikati ya mawe, akawa anataka kueleza kama alivyozoea, lakini hawezi kumsemesha mama mkwe hivi hivi. Ikabidi nigeuzwe spika.

"Dada, mwambie mama upande wa kushoto kuna mawe matatu yamebebana."

"Mama, kushoto kuna..."

"Mwambie nimesikia," mama alipaza sauti kutoka nyuma. "Masikio hayana presha."

Kusikia alisikia, shida ilikuwa kuona. Mpaka ageuze shingo na kulitafuta kwa lile tundu lake, jiwe lilikuwa limeshapita na kuwa dogo. Mimi, niliyekuja kwa ajili yake, niliyaona yote yakija: mengine mviringo kama matumbo ya ng'ombe walioshiba, mengine yamepasuka katikati na mti umeota kwenye ufa, pimbi wamejianika juu. Niliyaona na roho ikaniuma, maana kila nilichokiona nilikiona nikiwa kwenye kiti chake.

"Mawe yote leo yamenipa mgongo," alisema mama. Hakulalamika. Alikuwa anatoa taarifa.

Lambo tulilikuta limekauka, tope lake limejikunja kama ngozi. Mama akauliza kama kwenye ukingo pana mkwaju. Upo, nikamwambia. Akasema basi kona iko mbele, baada ya miiba. Hapo nikamgeukia kijana na kumwambia wazi wazi, bila kuzunguka, kwamba mama yangu anapofuka, kwamba amekuja kuona jiwe likitokea kwenye kona hiyo na si kitu kingine, na kwamba tukipinda hivi atakuwa mtu wa mwisho kuliona, tena likiwa limeshampita.

Kijana akazima gari. Kisha akashuka, akapima kona kwa macho, akaenda akaondoa matawi mawili ya miiba njiani, akarudi.

"Dada, mwambie mama ajishike vizuri. Nitakwenda kinyumenyume."

Akageuza gari palepale, kidogo kidogo, mpaka matako yake yakaelekea kwenye kona na mama akawa ndiye wa mbele. Tatizo ni kwamba anayerudisha gari nyuma hugeuka kutazama, na akigeuka macho yake yangekutana na ya mama mkwe. Kwa hiyo hakugeuka. Akaniomba nishuke nisimame pembeni, mahali anaponiona kwenye kioo cha ubavu, nimwongoze kwa mkono. Mimi, mwanamke wa makamo, na viatu vyangu vya safari, nikawa utingo.

"Njoo! Njoo! Kata kulia! Nyoosha! Njoo!"

Gari likaja likinguruma taratibu, na mama juu yake ameshika mikono ya kiti, kichwa amekinyoosha, hapepesi.

"Wewe," aliniambia, "toka hapo, unaniziba."

Nikaruka kando, nikakwaruzwa na mwiba. Gari likapinda. Sikuliangalia jiwe, nilimwangalia yeye. Nilimwona anavyolipata: mdomo ulifunguka kidogo, mkono wa kulia ukaacha kiti ukapanda mpaka kichwani, mahali pa ndoo, ukabaki pale.

"Hilo," alisema.

Kijana alisimamisha gari bila kuambiwa. Alikaa ndani, uso mbele, akitazama miiba tuliyotoka. Hakuliona jiwe hata kidogo kwa muda wote ule, na hakuuliza.

Baadaye nilimshusha mama tukaenda kwa miguu mpaka chini yake. Shimo la kusagia lilikuwapo, limejaa majani makavu na mavi ya mbuzi. Akayazoa yote kwa mkono, akapangusa kwa pindo la gauni lake la kanisani, akauweka mkono ndani na kuuzungusha polepole, kama anayesaga. Aliniambia niweke na wangu. Palikuwa laini kuliko nilivyotegemea. Tukala michembe niliyokuja nayo, na kijana nikampelekea yake garini, maana kula pamoja nako hakuruhusiwi. Mama akasema nimwambie mkwe wabeja, yaani asante. Nikamwambia. Akajibu kwamba amesikia.

Wakati wa kuondoka sikurudi kwenye sponji. Nilikaa nyuma kwenye benchi, magoti yangu yakigusa ya mama. Sasa gari lilikwenda kama magari yote yanavyokwenda, mbele, na kile kiti nilichokilaani tangu asubuhi kilikuwa kimelielekea jiwe sawasawa. Kijana alijua. Aliendesha polepole kiasi kwamba mbuzi mmoja alitupita. Hata ile kona hakuipinda. Aliacha njia na kufuata uwanda ulionyooka, na jiwe likabaki nyuma yetu wazi, bila mti wa kulificha.

"Bado naliona," alisema mama.

Tukaenda.

"Bado."

Vumbi lilikuwa kidogo, jua lilikuwa upande mzuri. Mbuzi walikuwa wameanza kulipanda, hakuna wa kuwafukuza. Nilikuwa nikiwatazama hao mbuzi, mmoja mweusi na wengine weupe, niliposikia mama anashusha pumzi.

"Haya," alisema. "Sasa limepotea."

Nikatazama tena. Jiwe lilikuwa pale pale, kubwa, na mbuzi mweusi amesimama juu kabisa. Kwenye kioo cha ubavu nikaona uso wa kijana, naye akiliona kama ninavyoliona.

"Ndiyo, mayu," nilimwambia. "Limepotea."

Kijana akabadili gia, akaongeza mwendo.