Kuni za Mahame

Enzi zetu, sisi tuliokulia Didia, msichana hakuhesabiwa kuwa mkubwa mpaka aaminiwe kwenda kuni peke yake. Kubeba ilikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa kuijua miti. Mtundulu ulishika moto upesi na kuacha makaa ya kuivishia maharage. Mgunga uliwaka vizuri, lakini kwanza ulikuchoma miiba mpaka ujute. Mlonge ulikuwa mwepesi kichwani, na ukifika jikoni unaisha kabla uji haujachemka. Mama yangu, tuliyemwita Mayu kama Wasukuma wanavyoita mama zao, alikuwa na sheria moja: "Vunja kwanza, nusa, ndiyo ufunge mzigo." Nami nilipenda kunusa. Nilinusa hata miti ambayo hakuna aliyenituma, nikijiuliza kwa nini huu una harufu kali na jirani yake haunuki kitu, ilhali yote inakunywa mvua moja. Vijana wa leo wanatambua simu kwa mlio tu, lakini waonyeshe mtundulu na mgunga, watakuambia yote ni miiba.

Nilipofika miaka kumi niliaminiwa. Siku hiyo nikapita kwenye mahame, mahali walipohama watu na kuacha boma lao, nikakuta fito za kijivu zimelala chini, kavu, hazina mwiba hata mmoja. Nilijiona mjanja kweli. Kijiji kizima kinahangaika porini, kumbe kuni zimejaa hapa! Sikuvunja, sikunusa. Nilitaka kufika nyumbani kabla ya wenzangu.

Ulikuwa mnyaa, ule wa kuzungushia boma. Nje umekauka, ndani bado una utomvu wa kupofusha macho. Mayu aliuvunja kwa goti mbele ya mafiga, utomvu ukamrukia macho yote mawili. Sikuwahi kumsikia mama yangu akilia kabla ya hapo. Jirani yetu Mama Masanja, aliyekuwa ananyonyesha, alikuja mbio akamkamulia maziwa machoni. Zahanati wakamwosha, wakamfunga kitambaa, wakasema tusubiri. Huenda angeona, huenda asione. Nilitamani anichape. Hakunichapa.

Kesho yake alikaa jikoni vilevile, kitambaa usoni, akaniambia nimpe kuni moja moja. Alivunja, akanusa.

"Huu mkwaju. Huu mtundulu, uweke wa maharage. Na huu umeokota wapi, wewe? Si mpini wa jembe la baba yako huu?"

Udadisi ukanishika kuliko hofu. Nikaanza kumjaribu, nikimletea vijiti vya kila aina kutoka uani, na hakukosea hata kimoja. Mwisho nami nikafumba macho nikawa nanusa pamoja naye. Nilikosea sana, akawa ananicheka. Tulipika hivyo siku tatu, na kila nilipofumbua macho nikakiona kile kitambaa, moyo uliniuma upya.

Siku ya nne walimfungua pale zahanati. Alipepesa macho, akanitazama kwa muda mrefu.

"Kabula," akasema, "gauni umelivaa nje ndani."

Nililia mbele ya watu wote.

Leo naishi Geita mjini, napikia gesi. Jikoni hakuna moshi wala majivu, na wanangu wanajua moto ni kitu cha kuzungusha kwa vidole. Sitawadanganya, ule mzigo wa kichwani siutamani. Ila Mayu sasa anaishi nami, na macho yake yamekwisha kabisa. Daktari alisema ni uzee. Mimi sikuridhika. Miaka yote nimekaa na swali moja kifuani, na mwezi uliopita, nikiwa nachambua mchele karibu yake, nilimuuliza kama si zile kuni zangu zilizoanza kumharibu.

Alitafuta mkono wangu mpaka akaupata.

"Sumu ya kuni zile iliisha siku zilezile, mwanangu. Tena ndizo zilizonifundisha kwamba bila macho mtu anapika." Akageuza uso upande wa jiko. "Ila hili lako halina kuni za kunusa; liwake lisiwake, mimi sijui. Ndiyo maana siku hizi nimekaa tu. Kwa moto wa Didia, Kabula, nisingekuwa kipofu namna hii."